Damu Niliyoitoa kwa Niaba ya Kaka

Wanakwaya wenzangu, mmeniuliza sana. Mara "Maduhu, besi imekufa huku, uko wapi?", mara "Mtoto anaendeleaje?", na yule mmoja wenu asiye na haya akauliza kama ni kweli nimepimwa hospitali nikaonekana si mtu wa ukoo wetu. Mimi ni fundi cherehani, vidole vyangu vimezoea sindano kuliko vitufe vya simu. Kwa hiyo nimenunua daftari, naandika yote humu. Atakayemaliza kusoma ampe mwenzake, na tafadhali msiongeze chumvi, iliyopo inatosha.

Mhunze: kosa langu

Kwa wageni wa kwaya wasiojua habari zetu: kaka yangu Jilala ana binti mmoja, Kabula, wa miaka saba. Asubuhi mtoto huyu ni mzima kama wewe. Anakimbiza kuku, anaruka kamba, anakwenda shule kwa miguu. Ikifika saa tisa mchana mguu wa kushoto unaanza kupinda kwa ndani, anatembelea ubavu wa unyayo. Jioni anabebwa. Akilala akaamka, mzima tena. Na kila mwaka saa ya kubebwa ilikuwa inasogea nyuma. Alipokuwa na miaka mitano alibebwa jua likishazama. Mwaka huu alishaanza kurudishwa kutoka shule mgongoni kwa mama yake. Mama yake, shemeji yangu Minza, aliniambia siku moja akiwa jikoni: "Shemeji, ikifika asubuhi je?"

Zamani tuliambiwa aliumia ubongo wakati wa kuzaliwa, tuzoee. Baadaye tukapelekwa Mwanza kwa daktari mmoja wa watoto, mama wa makamo mwenye miwani, nitamwita Daktari Rehema. Yeye hakuridhika. Akasema itolewe damu ya mtoto, ya mama na ya baba, ipelekwe nje ya nchi wakasome vinasaba, yaani yale maandishi ya mwili ambayo mtu anarithi kwa wazazi wake.

Sasa siku ile Jilala alikuwa Geita kwenye machimbo ya dhahabu. Nikaenda mimi. Muuguzi akauliza, "Baba wa mtoto?" Nikanyoosha mkono. Wala sikujua kuwa nadanganya! Jilala asipokuwepo, mimi ndiye Jilala. Ng'ombe wa mahari ya Minza nilikwenda kuwapeleka mimi. Kikao cha shule nakaa mimi. Kabula alipobatizwa nilisimama mimi, na padri hakuuliza swali. Kwetu mtu hafi nafasi yake ikabaki wazi, sembuse aliyekwenda Geita tu. Nikaandika jina la kaka kwenye fomu, nikatoa damu, nikanywa soda, nikarudi zangu kushona.

Baada ya miezi mitano tukaitwa. Daktari Rehema akaniomba nitoke nje kidogo, abaki na Minza. Nikakaa kwenye benchi, nikamsikia shemeji yangu anacheka kwa sauti, halafu kicheko kikageuka kilio. Mlango ukafunguliwa. Daktari alikuwa ameishika karatasi kama mtu aliyepewa nguo isiyo yake.

"Wewe ni nani?" akaniuliza.

"Baba mdogo wa mtoto, daktari."

"Na damu hii?"

"Niliitoa kwa niaba ya kaka."

Alivua miwani akaifuta, akaivaa tena. Kumbe maabara iliandika kwamba mwanamume huyu hakumzaa mtoto huyu, na yule mama wa watu alikuwa amekosa usingizi akiwaza namna ya kumuuliza Minza bila kuvunja nyumba. Akatueleza taratibu. Kwenye vinasaba vya Kabula wameona badiliko moja. Mama hana. Kama baba analo, linaweza kumwonyesha njia; kama hana, ni habari nyingine. "Kuna dawa ninayoifikiria," alisema, "lakini si dawa ya kumbahatishia mtoto. Alhamisi ijayo, saa tatu asubuhi, nileteeni baba. Baba mwenyewe." Hayo ya mwisho aliyasema akinitazama mimi kuanzia kichwani mpaka viatuni.

Miezi mitano, ndugu zangu. Nilihesabu ni mara ngapi mtoto amebebwa katika miezi mitano kwa sababu ya mkono wangu mwepesi, nikaona aibu hata kula. Tulimpigia Jilala simu akasema "nakuja", kisha simu ikawa haipatikani. Minza akaamua: tutamfuata huko huko, na Kabula tunaye. "Ukienda peke yako, shemeji, atakulaza kwa maneno. Akimwona mtoto hataweza." Jumatatu tukatoka.

Ngokolo: shangazi ana maoni yake

Ukipita Shinyanga mjini bila kuingia kwa shangazi yetu Holo pale Ngokolo, utasikia habari zako mpaka mazishini kwako. Tuliingia tukiwa na nia ya kunywa maji tu. Tukalala.

Alikuwa amepika michembe, vile viazi vilivyokatwa vikaanikwa, na karanga za kutwanga. Kabula alikula mpaka akalegea. Ilikuwa saa kumi na moja, mguu umeshapinda, na shangazi akaushika akaukanda kwa mafuta huku akiutazama sana.

"Huyu mtoto anaitwaje jina la nyumbani?"

"Kabula, shangazi. Alizaliwa mvua ikinyesha."

"Mvua, mvua! Huyu anadai jina la babu yenu, Mabula. Nyinyi hamkumjua, mlikuwa watoto. Baba yangu asubuhi alikuwa analima kumpita kila mtu. Ikifika jioni anakaa chini, anatuita tumletee fimbo. Mguu huu huu." Akaupiga kofi dogo. "Mpeni jina la babu, mwageni pombe kidogo, muone."

Nikatazama msalaba ukutani kwake, yeye ni mama wa kanisa hasa, nikamwambia, "Shangazi, hayo si tuliyaacha?"

"Ya kwetu hayaachwi, yanapunguzwa," akajibu, akaendelea kukanda.

Nilikasirika kidogo, nasema kweli. Watu wengi walishatuletea waganga na majina, na kila aliyekuja alikuwa na ndugu yake aliyepona. Nikayaweka maneno ya shangazi pamoja na hayo mengine, nikaenda kulala. Asubuhi nilimwona Minza akimuuliza shangazi jambo kwa sauti ya chini huku akifunga begi.

Kahama mpaka Geita: nagombezwa kwa niaba ya kaka

Kutoka Kahama tulipanda basi linalopita Kakola. Nilikaa karibu na dirisha, Minza katikati na Kabula mapajani, na upande wa pili wa njia alikaa mama mmoja mnene mchangamfu, mtu wa Kigoma, ana marobota mawili ya mitumba. Anauza suruali na mashuka kwenye kambi za wachimbaji. Alijitambulisha kwa jina la Mama Sharifa, na kabla hatujafika mbali alishajua tunatoka wapi, tumekula nini, na Kabula yuko darasa la ngapi.

Kupita Kakola kidogo, basi likasimama. Mbele yetu lori lililobeba karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, lilikuwa limejipinda barabarani kichwa huku mkia kule, na karasha lenyewe limeteremka nusu. Tulikaa hapo kuanzia saa tano mpaka saa kumi. Watu walitoka wakatandika khanga. Wauza mahindi walitokea sijui wapi, maana hapakuwa na nyumba. Kila baada ya muda kondakta alitangaza "dakika kumi tu", mpaka watoto wakawa wanaitikia naye.

Ilipofika saa tisa mguu wa Kabula ukaanza kazi yake. Minza akambeba mgongoni, na begi akaliweka kichwani ili asiliache juani. Mama Sharifa akanigeukia.

"Wewe baba! Mke amebeba mtoto, amebeba begi. Wewe umebeba nini?"

Nilikuwa nimebeba futi yangu ya kupimia, shingoni, kwa mazoea tu. Nikafungua mdomo nijieleze, Minza akanikanyaga.

"Mwache, shemeji," akaninong'oneza. "Ukisema wewe si baba, tutaulizwa baba yuko wapi, na hatutamaliza leo."

Basi nikachukua begi, nikachukua na mtoto, nikasimama juani nikipokea mahubiri juu ya waume wa siku hizi. Ikawa mara ya pili kwa mwaka mmoja kuhesabiwa kuwa ni Jilala, na safari hii hata soda sikupewa. Kabula begani kwangu alikuwa anacheka kimya kimya, nilihisi tumbo lake likitetemeka.

Basi lilipoondoka tena Minza aliona huruma akamweleza ukweli. Mama Sharifa alicheka mpaka akashika kiti cha mbele. Akanipa chapati mbili za pole. Halafu akauliza huyo baba halisi yuko machimbo gani. Tukamtajia jina la kambi.

"Anaitwaje?"

"Jilala."

"Kule hakuna Jilala. Kule kila mtu ana jina la kule. Yukoje?"

Minza akasema mrefu, ana sauti nzuri, ana pengo la jino. Hao wapo mia, Mama Sharifa akasema. Ndipo mimi, kwa ufundi wangu, nikaongeza kitu pekee nilichokuwa na hakika nacho: "Suruali zake pindo la kushoto huisha kabla ya la kulia. Namwekea kiraka kila akija nyumbani."

Akajipiga paja. "Bwana Asubuhi! Mteja wangu! Ananunua suruali kila nikienda, zinaisha upande mmoja. Wanamwita hivyo kwa sababu anafanya zamu ya asubuhi tu. Mchana akishakula humwoni tena, wenzake wanasema anaringa."

Nimeshona viraka vya pindo lile kwa miaka kumi. Sikuwahi kuuliza kwa nini. Nikamtazama Minza, naye alikuwa ametazama nje, mkono wake umeushika mguu wa Kabula aliyelala.

Kambini: kaka mwenyewe

Tulilala Kalangalala kwenye nyumba ya wageni yenye maji ya moto, na Kabula alioga mpaka mwenye nyumba akabisha hodi. Jumatano tukachukua pikipiki mbili kwenda machimbo. Vumbi la huko si la kawaida. Tulipofika Minza alikuwa mwekundu kuanzia nyusi mpaka khanga, na Kabula alinyooshewa kidole na watoto wa kambi kana kwamba yeye ndiye wa ajabu, si wao waliokuwa na rangi hiyo hiyo.

Nikaulizia Bwana Asubuhi, nikaonyeshwa duara, yaani shimo wanaloshukia, lililozungushiwa kamba. Minza akaanza kwenda. Wanaume watatu wakasimama kwa pamoja.

"Mama, hapo hapo! Mwanamke hasogei duarani, mawe yanapotea."

"Mume wangu yumo humo, mimi nizuiwe na kamba?"

"Hata angekuwemo baba yako, mayu," mmoja akajibu, yaani mama kwa Kisukuma.

Minza akasimama pale kwenye kamba, akavuta pumzi, na akaita. Nyote mnamjua anavyoimba soprano. Aliita "Baba Kabulaaa!" mara moja tu, na winchi ikasimama.

Jilala alitokea, lakini si shimoni. Alitoka nyuma ya banda la turubai, ilikuwa saa saba mchana, ameshaoga, na alipotuona alisimama mkono kichwani. Mtu akifuatwa na familia yote machimboni, anajua kuna msiba. "Nani?" akauliza. "Semeni tu, ni nani?" Ilibidi Kabula amkimbilie amkumbatie ndipo aamini hakuna aliyekufa.

Tulikaa kwa mama lishe mbele ya ugali na dagaa. Nikamweleza yote: damu, fomu, karatasi, Minza kucheka na kulia. Nilidhani atanipiga. Akaanza kucheka polepole.

"Kwa hiyo wazungu wamesafirisha damu, wakaweka mashine, wakagundua kwamba wewe si mimi."

"Ndiyo, kaka."

"Ningewaambia bure."

Lakini tulipomwambia kesho twende Mwanza, kicheko kikaisha. Akasema kazi imebana. Akasema atakuja mwezi ujao. Akasema damu yangu ni yake, si tumetoka tumbo moja? Minza alimsikiliza mpaka akamaliza maneno yote, kisha akauliza kitu kimoja: "Baba Kabula, nionyeshe mguu wako."

Saa ilikuwa tisa. Akavua kiatu cha kushoto. Vidole vilikuwa vimejikunja chini na unyayo umepinda ndani, kidogo tu, si kama wa mtoto. Ila ulikuwa ule ule.

"Tangu nikiwa mdogo," alisema. "Nilijua nikisema nitaambiwa nimerogwa, sitapewa kazi. Halafu akazaliwa huyu, akaanza kutembea, nikaona mguu wangu kwake." Akamtazama Kabula aliyekuwa akimlisha kuku dagaa. "Nikaona bora nikae huku. Nikija kupimwa na ikawa ni mimi niliyempa, nitamtazamaje?"

Minza alimjibu kwa Kisukuma, kwa sauti ya chini, na maneno yake sitayaandika humu kwa sababu hayakuwa yangu. Nilichokiona ni kwamba alichukua kile kiatu, akapiga goti, akamvika.

Geita mpaka Mwanza: kawia ufike

Tulilala pale kambini, na miadi ilikuwa Alhamisi hiyo saa tatu asubuhi. Alfajiri saa kumi na moja nilishafunga mabegi. Saa kumi na mbili nilikuwa nimesimama barabarani kama nguzo. Ndipo nikaambiwa hatuondoki.

Katika kambi ile mwenzao akiondoka kwa sababu ya ugonjwa wa nyumbani, lazima wamuage kwa chakula, wale naye sahani moja. Asipokula nao hakuna anayeshuka shimoni siku hiyo. Wanasema ameondoka na kinyongo, na kinyongo kinaangusha ardhi. Mbuzi alikuwa bado anatembea. Nikamwendea kiongozi wao, nikamweleza habari za daktari, nikamwonyesha saa. Akanisikiliza kwa adabu zote.

"Tunakuelewa, mzee. Lakini sisi tunashuka mita sitini."

Ungejibu nini? Nilikula nyama ile nikiwa nimekasirika, na ilikuwa tamu, jambo lililoniudhi zaidi. Wale vijana waliokuwa wakimtania kwa kuringa, Jilala aliwaeleza habari za mguu wake mbele ya wote. Mmoja akasema, "Sasa Bwana Asubuhi, si ungesema? Tungekupa kazi ya kukaa." Wakamwombea, Wakristo na Waislamu, kila mtu kwa namna yake.

Tulitoka Geita mjini karibu saa sita, kwa mchomoko, yaani hivi vigari vidogo vinavyoondoka vikijaa. Tairi la kwanza likapasuka tukiwa bado tunauona mji. La pili, ambalo ndilo lilikuwa la akiba, likaisha pumzi kabla ya Sengerema. Dereva alikuwa mtu mpole sana, na upole wake ndio ulioniumiza. "Haraka ya nini, wazee? Mwanza haihami." Nilimtolea maneno ambayo mtu wa kwaya hapaswi kuyajua. Minza akanishika bega. Nilijua anafikiria nilichokuwa nafikiria mimi: tukikosa leo, ni miezi mingine, na lawama ya kwanza ilikuwa yangu.

Tulivuka daraja la Busisi saa tisa na nusu. Kabula alitaka kujua nguzo zake zimesimama juu ya nini. Jilala akamwambia zimesimama juu ya mwamba ulio chini ya maji. Akauliza nani alishuka kuuona. Baba yake akasema watu kama yeye, wachimbaji. Mtoto akamtazama kwa heshima mpaka tukamaliza daraja.

Mwanza: ukumbini saa kumi na moja

Daktari Rehema alikuwa anafunga mlango wa chumba chake, mkoba begani. Alipotuona kwenye mwisho wa ule ukumbi mrefu, aliweka mkono kiunoni. Ukumbini hapakuwa na mtu mwingine. Tukaanza kumfuata, mimi mbele na maneno yangu ya kuomba radhi, "Shikamoo daktari, tusamehe daktari, ni mbuzi, ni matairi," na nilifika karibu kabisa nikagundua hanisikilizi. Alikuwa anatazama nyuma yangu.

Nikageuka. Jilala alikuwa anakuja amemshika Kabula mkono. Mtoto alikuwa amekataa kubebwa kwa sababu baba yake yupo. Wote wawili wanatembelea ubavu wa mguu wa kushoto, wote bega la kulia limepanda kidogo, hatua kwa hatua, mkubwa na mdogo.

"Simameni," daktari akasema. "Rudini mpaka mwisho, mje tena."

Walirudi, wakaja tena. Akaweka mkoba chini.

"Huyu mtoto amekuwaje? Kwangu hutembea vizuri, mguu umelegea kidogo tu."

"Ndivyo anavyokuwa jioni, daktari," Minza akasema. "Asubuhi ni mzima."

"Mbona hamkuniambia?"

"Tulisema jioni anachoka."

"Kila mtoto anachoka jioni, mama!"

Tulitazamana. Miaka miwili tumekuja kwake, na kila mara kliniki ni saa mbili, saa tatu. Sisi tuliona fahari kuwahi. Hakuwahi kumwona Kabula wa jioni hata siku moja, na sisi hatukujua kama hiyo ni habari.

Alifungua mlango upya, akatuingiza ndani. Akamuuliza Jilala maswali, naye akajibu bila kuficha. Akauliza kama kuna mwingine kwenye ukoo. Nilikuwa nasema hapana, Minza akanikata: "Babu yao, daktari. Nilimuuliza shangazi yao. Asubuhi analima, jioni fimbo. Na akilala, anaamka mzima." Nikainamisha kichwa. Shangazi Holo alikuwa ametoa jibu la hospitali, mimi nikalisikia kama la kilingeni.

Daktari alitueleza akichora kwenye karatasi. Kuna kitu ambacho ubongo hutengeneza ili uweze kuamuru misuli. Kwa watu wenye badiliko hili kinatengenezwa kidogo. Usingizi unakijaza, mchana unakimaliza. Mmoja anaweza kulibeba kwa wepesi, mwanawe akalibeba kwa uzito, na ndugu wa tumbo moja asilipate kabisa. Hapo akaninyooshea kalamu mimi.

"Kwa hiyo ni mimi niliyempa," Jilala akasema.

"Ulimpa hili na ulimpa hayo macho. Hukuchagua hata kimoja. Ila leo ungebaki huko Geita, hilo lingekuwa umelichagua."

Akasema damu yake itatolewa sasa hivi na itapelekwa, na jibu la uhakika litatoka huko. Lakini kwa alichokiona ukumbini haoni sababu ya kusubiri. Ataanza na robo ya kidonge, siku hiyo hiyo. "Kama nimepatia, mtaona mapema. Kama nimekosea, nitawaambia nimekosea na tutaendelea kutafuta. Siwaahidi." Minza akamshukuru kwa Kisukuma, "Wabeja, daktari."

Muuguzi alipokuja na sindano, Daktari Rehema akamzuia kwanza.

"Kitambulisho," akamwambia Jilala. Akakisoma, akakilinganisha na uso, kisha akanigeukia. "Na wewe kaa mbali na hii sindano."

Mhunze tena

Tumerudi wanne. Jilala yuko nyumbani, naye amepewa vidonge vyake. Jibu la maabara bado, na nikiona namba ya Mwanza kwenye simu naacha mshono katikati. Nilimwomba msamaha Minza wakati wa kurudi, tukiwa kwenye basi, kwa ile miezi mitano. Akasema, "Shemeji, nilikasirika mpaka Kahama. Baadaye nikachoka." Nimeukubali msamaha huo jinsi ulivyo.

Siku tatu za kwanza za dawa hatukuona kitu. Kabula alisinzia, akatapika mara moja, jioni akabebwa. Siku ya nne sikuwauliza nyumbani, niliogopa kuuliza. Nilibaki kibandani kwangu sokoni nikishona sare za shule, jua limeshateremka, wenye maduka wa jirani wanafunga. Mguu wangu ukiwa kwenye pedeli nikaona kivuli kwenye kitambaa.

"Baba mdogo, mama anasema ugali umeiva."

"Nakuja," nikasema, nikaendelea na mshono. Halafu mguu wangu ukasimama wenyewe. Nikatoka nje ya kibanda, nikatazama barabara ya nyumbani mpaka kwenye mkunjo. Hapakuwa na Minza, hapakuwa na Jilala.

"Kabula, nani amekuleta?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kijinga. Kisha akatazama chini, akaiona mwenyewe, miguu yote miwili imekanyaga mavumbi sawasawa, na akaanza kucheka.

"Hakuna," akasema. "Nimekuja."